Hema, godoro na mfuko wa kulalia kwa mwindaji mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina urefu wa sentimita 196, yaani futi 6 na inchi 5, na kila vuli huingia milima ya Idaho, Marekani, na shanta mgongoni kuwinda elki. Kwa asiyemjua, elki ni mnyama mwenye pembe za matawi, na dume lililokomaa uzito wake unakaribia ule wa punda milia. Maswali haya nimeulizwa na ndugu zetu wa Boise, Twin Falls, Missoula na Denver, wengi wao wenyeji wa Kongo, Burundi na Tanzania, wanaoanza uwindaji huu wa kulala porini siku nne au tano mbali na gari. Wengi ni warefu, na karibu wote wamenunua kitu kimoja au viwili vya kimo kisicho chao kabla ya kuja kuuliza.

Kwa nini mtu mrefu ahitaji ushauri wa peke yake? Si anunue saizi kubwa tu?

Angenunua saizi kubwa na kumaliza kazi kama namba za kwenye lebo zingekuwa zimepigwa kwa ajili yake. Hazikupigwa kwa ajili yake. Godoro la kawaida la kambi lina urefu wa sentimita 183. Mfuko wa kulalia wa saizi ya kawaida umeshonwa kwa mtu asiyezidi sentimita hizo hizo 183, na ule mrefu kwa mtu wa mpaka 198. Mtu wa 196 akisoma "mpaka 198" huona amepona, kumbe amebakiwa na sentimita mbili tu, na miguu ikilegea usingizini vidole huenda mbele zaidi ya hapo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Namba za baridi zilizoandikwa kwenye mifuko ya kulalia hutokana na kipimo cha kimataifa, zamani EN 13537 na sasa ISO 23537. "Mwanamume wa kawaida" wa kipimo hicho ana umri wa miaka 25, urefu wa sentimita 173 na uzito wa kilo 73. Mwanamke wake ana sentimita 160 na kilo 60. Kwa hiyo unaposoma kwamba mfuko unafika nyuzi 9 chini ya sifuri, kumbuka kuwa anayezungumziwa hapo ni mtu unayempita kwa kichwa kizima.

La tatu ni hema. Urefu wa hema hupimwa sakafuni, na wewe hulali sakafuni. Unalala juu ya godoro, na vidole vya miguu viko juu zaidi ya godoro.

Nijipime vipi?

Usijipime ukiwa umesimama. Tandika godoro lako chini, vaa nguo unazolala nazo, soksi nene zikiwemo, ulale chali na kichwa kwenye mto. Legeza miguu kama ulivyo usingizini. Mtu mwingine asimamishe kitabu utosini na kingine kwenye ncha za vidole, kisha apime umbali wa katikati. Mimi niliye 196 nikisimama, hufika 207 nikilala. Halafu apime kimo cha vidole kutoka sakafuni. Kwangu, godoro likiwa na unene wa sentimita 8, vidole viko sentimita 28 juu ya sakafu. Miguu ikisimama wima hupanda zaidi, ila urefu hupungua kidogo.

Andika namba hizo mbili kwenye simu. Ongeza sentimita tano kila upande kwa unene wa mfuko wa kulalia. Kwangu ni 217, na hiyo ndiyo namba ninayokwenda nayo dukani. Ile ya kwenye leseni ya udereva haina kazi hapa.

Hema langu lina sakafu ya sentimita 220. Mbona bado miguu inagusa?

Kwa sababu kuta zimelala. Tuchukue vidole vilivyo sentimita 28 juu ya sakafu. Ukuta wa miguuni ukiwa na mwinamo wa digrii 45, kila sentimita unayopanda unapoteza sentimita moja ya urefu. Upande wa miguu umepoteza 28, upande wa kichwa nao 28, na hema la 220 limebaki na 164. Huyo ni mtoto wa shule anayeweza kujinyoosha humo. Kuta zikiwa na digrii 60, kila upande hupoteza kama 16, zinabaki 188. Zikiwa karibu wima, digrii 75, unapoteza kama saba na nusu kila upande na kubaki na 205 hivi.

Sakafu ni ile ile, urefu ulioandikwa ni ule ule, lakini mahema ni matatu tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema mwinamo wa kuta za mwisho ni muhimu kuliko urefu wa sakafu. Duka likikubali, lisimamishe hema, ingia na godoro lako, lala. Ukinunua kwa intaneti, tafuta picha iliyopigwa ubavuni, siyo ile ya mbele ambayo kila hema huonekana kasri.

Mwaka wangu wa kwanza sikuyajua haya. Nilinunua hema ambalo maelezo yake yaliahidi kumtosha mtu wa sentimita 198. Usiku wa pili theluji ililala juu yake, kitambaa kikashuka kidogo tu, na miguu yangu ikakisukuma usiku kucha. Asubuhi sehemu ya chini ya mfuko wa manyoya ilikuwa imelowa kama nguo iliyotoka kufuliwa. Niliteremka siku ile, siku tatu kabla ya muda wangu, na sikuwa nimeona hata unyayo wa elki.

Umbo gani basi linamfaa mtu mrefu?

Mahema ya handaki yenye ncha zilizoinuliwa, yale yanayosimamishwa kwa fimbo mbili za kutembelea, na tipi. Hizo ndizo familia tatu ninazoziamini.

Kwenye familia ya handaki, Hilleberg ya Sweden ndiyo inayosifika kwa kustahimili upepo na theluji. Chumba cha ndani cha Nallo kina sentimita 220, na mtu wa 190 huenea vizuri. Mimi nagusa kidogo. Ni mahema mazito kulingana na vipimo vya siku hizi, lakini kwa anayewinda Novemba kwenye kilele kisicho na mti, uzito huo unajilipa.

Kwenye mahema ya fimbo, tazama X-Mid ya Durston, ambayo fimbo zake zimewekwa kimshazari ili kichwa na miguu visikutane na sehemu iliyobanwa. Duplex ya Zpacks ina sakafu ya sentimita 229 na uzito wa kama nusu kilo. Kampuni hiyo hiyo ina hema la mtu mmoja liitwalo Altaplex, lililoinuliwa makusudi kwa ajili ya watu warefu. Mtu wa zaidi ya futi 6 na inchi 3 anayewinda peke yake aanzie utafutaji wake hapo.

Tahadhari moja ambayo watembeaji wa kawaida hawataikwambia: mwindaji huondoka kambini saa kumi alfajiri na fimbo zake mkononi. Hema lililokuwa limesimama kwa fimbo hizo hulala chini, na mvua ikinyesha mchana unarudi kwenye dimbwi. Nunua nguzo za kaboni za hema lenyewe. Kila moja ina uzito mdogo kuliko mayai makubwa mawili, na fimbo zako zinabaki kwa kazi ya kukutegemeza ukibeba nyama.

Na tipi? Naona wawindaji wengi wa huku wanalala humo.

Wako sahihi. Tipi ni hema kubwa la kitambaa lenye umbo la pia na nguzo moja katikati, bila sakafu. Kuta zake zimelala, ndiyo, lakini mzunguko ni mpana kiasi kwamba unalala mbali na ukuta, na ukiamka unasimama wima na kuvaa suruali kama mtu. Kwa mtu mrefu kusimama ni jambo kubwa. Mgongo uliobeba shanta siku nzima haufai kuvishwa nguo ukiwa umekunjwa.

Kampuni mbili zilizoanzia Colorado zinajulikana kwa tipi: Seek Outside, na nyingine ambayo jina lake halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa ukurasa huu, Kifaru. Ndiyo, ni kifaru yule yule tunayemjua. Mara ya kwanza kuliona jina hilo kwenye shanta la mzungu niliyekutana naye njiani nilisimama nikamweleza maana yake, naye alikuwa akilitamka kwa miaka bila kujua ni neno la lugha gani.

Tipi ya watu wanne, ikilaliwa na wawili warefu na mizigo yao, huwa na nafasi ya kutosha. Nyingi zimeshonwa tundu maalumu la dohani, hivyo unaweza kuingiza jiko dogo la kuni la titani linalokunjwa kama karatasi. Jiko hilo hukausha soksi, viatu na moyo pia. Ila lishike kwa adabu. Acha tundu la hewa juu na uwazi chini, usilale moto ukiwaka, na beba kengele ndogo ya kaboni monoksidi, maana hewa hiyo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Septemba misitu huwa mikavu, na Huduma ya Misitu ya Marekani huweza kupiga marufuku moto katika eneo zima. Uliza ofisi ya msitu wa eneo lako kabla hujaondoka kama jiko lako linaruhusiwa.

Bila sakafu kuna udongo, panya na baridi ya chini. Mimi hutandika kipande cha karatasi ngumu ya plastiki inayotumika kufunikia nyumba zikijengwa, chini ya godoro tu.

Hema la mtu mmoja au la wawili?

La wawili, ukiwa peke yako. Mstatili wa 220 kwa 130 una mshazari wa sentimita 255. Usizihesabu zote 35 za ziada, kwa sababu mwili una upana. Mimi hupata kama 20. Gramu 300 hadi 400 unazoongeza zinakupa pia mahali pa bunduki na nguo zilizolowa.

Wawili warefu kwenye hema la wawili, hapana. Chukueni la watatu na mgawane uzito: mmoja abebe kitambaa, mwingine nguzo na vigingi.

Kitambaa kipi?

Nailoni iliyopakwa silikoni ni imara na bei yake inavumilika, lakini ikilowa hulegea, na hema likilegea miguu ndiyo inayogusana na ukuta kwanza. Poliesta hailegei hivyo. Dyneema ni nyepesi kupita zote, hailegei, lakini hema lake ni ghali. Kwa mtu mrefu ninapenda poliesta, kwa sababu ile nafasi ndogo tuliyohangaika kuipata haipotei mvua ikinyesha.

Rangi isikusumbue. Elki haoni rangi ya chungwa kama tunavyoiona sisi. Wawindaji wenzako wanaiona, na hilo ni jema.

Godoro: nitafute nini?

Urefu, upana, kisha joto. Godoro refu la makampuni mengi ni sentimita 196 kwa 64, na LW ya Exped ni 197 kwa 65. Godoro la kawaida lina upana wa sentimita 51 tu. Mtu mrefu huwa pia na mabega mapana, na mikono ikianguka nje ya godoro viwiko vinagusa ardhi baridi. Ule upana wa 64 ndio uliobadilisha usingizi wangu, kuliko hata urefu.

Joto la godoro huandikwa kwa thamani ya R: namba ikiwa kubwa, godoro linazuia baridi zaidi. Kipimo chake sasa ni kimoja kwa makampuni makubwa, ASTM F3340, kwa hiyo unaweza kulinganisha bila kudanganywa. Kwa Septemba, msimu wa kuwinda kwa mishale, R ya 4 inatosha. Kuanzia katikati ya Oktoba, ardhi ikiwa imeganda, nataka 5 au zaidi. XLite NXT ya Therm-a-Rest ina 4.5, na XTherm NXT ina 7.3. Uzuri ni kwamba thamani za R hujumlishwa. Mkeka wa povu wa Z Lite Sol una R ya 2, ukiweka chini ya godoro la 4.5 una 6.5. Mchana mkeka huo unaukalia ukitazama bonde kwa darubini, na siku godoro likitoboka hulali juu ya mawe matupu.

Kama tayari una godoro la 183 na huna fedha ya lingine, usilitupe. Weka mto nje ya godoro, upande wa juu, ili kichwa kisile urefu. Shanta tupu liweke chini ya visigino. Nimelala hivyo misimu miwili. Theluji ikiwepo haifai, lakini Septemba inafaa kabisa.

Mfuko wa kulalia: nichague joto gani na urefu gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana makosa yangu mengi yalikuwa hapa.

Lebo ina namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe: yule mwanamke wa kipimo analala akiwa amejilegeza. Ya pili ni ya kikomo: yule mwanamume wa 173 analala kwa muda wa saa nane akiwa amejikunja. Soma neno hilo tena, amejikunja. Ya tatu ni ya kuokoa roho tu, na usinunue mfuko kwa kuitazama. Kampuni nyingi huupa mfuko jina kwa namba ya pili. Mfuko uitwao wa nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani karibu 7 chini ya sifuri, mara nyingi starehe yake ni karibu na sifuri yenyewe. Mimi huenda kwa namba ya starehe, wala sijawahi kujuta.

Idaho na Colorado, kwenye mita 2,500 hadi 3,000, usiku wa mwisho wa Septemba huweza kufika nyuzi 5 chini ya sifuri, na Oktoba ya mwisho ikashuka zaidi sana. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo utabiri wa mjini Boise haukuhusu. Kwa mtu mmoja mwenye mfuko mmoja wa msimu wote, ningesema utafute starehe ya karibu 7 chini ya sifuri.

Urefu sasa. Manyoya hukupa joto kwa kufutuka na kushika hewa. Ukiyabana kwa vidole na utosi, hewa inatoka na pale pamebaki kitambaa kitupu. Mfuko mfupi kwa hiyo si tatizo la kukosa starehe peke yake: ni mfuko wenye matundu mawili ya baridi, miguuni na kichwani. Ukiwa zaidi ya 193, saizi ndefu ya kawaida inabana. Tafuta watengenezaji wadogo wanaoshona kwa oda na kukubali urefu unaoutaka, hasa wa blanketi za manyoya zisizo na mgongo. Uliza pia mzingo wa mabega. Wengi hukumbuka urefu na kusahau mabega, halafu zipu inagoma.

Hizo blanketi zisizo na mgongo nazipenda kwa warefu. Yale manyoya ya chini ya mgongo hubanwa na uzito wako na hayana kazi, kwa hiyo wameyatoa, na kazi ya chini imebaki kwa godoro. Unaokoa gramu 200 hadi 300, na magoti yana uhuru wa kukunjwa. Ubaya wake ni upepo unaopenya ukigeuka. Ukiwa mtu wa kujigeuza sana, au ukiwinda Novemba, chukua mfuko kamili wenye kofia.

Manyoya ya bata bukini au pamba za viwandani? Manyoya ni mepesi zaidi na hukaa miaka mingi, lakini yakilowa hulala kama unga uliomwagiwa maji. Pamba za viwandani huendelea kutoa joto kiasi zikiwa na unyevu, ila kwa mfuko mrefu wa baridi uzito unakuwa mkubwa mno na nusu ya shanta imejaa. Mimi natumia manyoya yenye kipimo cha kufutuka cha 850 na kuyalinda kama mtoto mchanga.

Miguu yangu hulowa kila asubuhi hata kusiponyesha. Nifanyeje?

Hilo ni jasho la hema: pumzi yako hupanda, hukuta kitambaa baridi, hugeuka maji. Mtu mfupi huyaona maji hayo ukutani na kuyafuta. Mrefu huyafuta kwa mfuko wake wa kulalia. Vika miguu ya mfuko koti lako la mvua, ulifunge zipu, au mfuko mkubwa wa taka ulio wazi mwishoni. Fungua matundu ya hewa hata kama ni baridi. Usipige kambi kando ya kijito kwenye kina cha bonde, hewa baridi na yenye unyevu hutuama humo. Panda mita 30 au 50 ubavuni mwa mlima na utaona tofauti usiku huo huo.

Vyote kwa pamoja viwe na uzito gani?

Changu: hema kilo 1.1, mfuko kilo 1.1, godoro gramu 600, kipande cha mkeka wa povu gramu 150, mto gramu 100. Jumla ni kilo 3 na kidogo. Rafiki yangu wa sentimita 172 analala kwenye vitu vya aina zile zile kwa kilo 2.6. Zile gramu 450 ndizo gharama ya kuwa mrefu, na nakusihi uilipe. Nimeona watu wakinunua godoro fupi ili waokoe gramu 110, kisha wakabeba chupa ya tatu ya maji wasiyoinywa.

Sababu ya kuhesabu gramu si ya kujionyesha. Sehemu kubwa ya ninakowinda ni pori la Frank Church–River of No Return, lililotengwa kisheria mwaka 1980. Ukiacha ndege ndogo kwenye viwanja vyake vichache na boti za Mto Salmon, humo hakuna injini wala gurudumu linaloruhusiwa, hata mkokoteni wa kuvutia nyama. Elki dume akianguka, kuna kama kilo 90 za nyama isiyo na mfupa, na zote zinatoka kwa mgongo au kwa farasi. Sheria na heshima ya mnyama vinataka nyama itoke ikiwa safi. Mtu aliyelala vizuri hufanya safari tatu za kilometa nane. Aliyekesha akitetemeka huanguka kwenye ya kwanza.

Mimi ni dada wa sentimita 184. Mifuko ya wanawake yote ni mifupi.

Dada, achana na rafu ya wanawake. Chukua mfuko mrefu wa wanaume au wa wote, na usome namba ya starehe peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyopimwa kwa mwili wa mwanamke. Angalia nyonga na mabega visiachiwe nafasi kubwa mno, maana hewa tupu nayo inataka kupashwa joto na mwili wako.

Machela ya kuning'iniza je?

Kwa kimo chetu iwe na angalau sentimita 335, ulale kimshazari, na uning'inize blanketi la manyoya chini yake. Juu ya mstari wa miti haina kazi.

Fedha yangu haitoshi vyote. Nianze na kipi?

Godoro. Kisha mfuko. Hema liwe la mwisho, kwa sababu turubai la mita 3 kwa 3 na kamba nzuri humfunika mtu wa kimo chochote kwa bei ndogo, na Septemba nyingi hutahitaji zaidi ya hilo. Tafuta vitu vilivyotumika: saizi ndefu hukaa sokoni muda mrefu kwa kuwa wanunuzi ni wachache, na muuzaji hupunguza bei. Godoro la mitumba lijaze hewa na ulikalie nusu saa kabla ya kutoa pesa.

Naweza kuvitumia nikirudi nyumbani?

Kwa kuwinda, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji ni wa leseni na sheria zake. Lakini kwa kupanda mlima, ndiyo, sana. Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro kwa njia kama ya Machame, iko mita 4,673, na baridi yake hailingani na ya Moshi uliyoiacha chini. Kampuni za utalii hutoa mahema, na mifuko ya kulalia hukodishwa mjini, lakini saizi ndefu ni ya kubahatisha. Beba mfuko na godoro lako. Mwambie pia kiongozi wako kimo chako mapema ili akupangie hema la wawili peke yako. Na upime mzigo wako nyumbani: mpagazi wa Kilimanjaro ana kikomo cha kilo 20, na kilo yako ya ziada iko kichwani mwa mtu.

Nimenunua vyote. Kabla ya safari nifanye nini?

Lala nje ya nyumba yako usiku mmoja, ukiwa umevaa kama utakavyovaa kule. Mwambie mtu amwagilie hema maji kwa mpira wa bustani robo saa, wewe ukiwa ndani na miguu imenyooka. Gusa mfuko upande wa miguu. Ukiwa mkavu, uanike asubuhi, uuhifadhi ukiwa umening'inizwa au kwenye gunia kubwa la pamba, usiubane kwenye kile kimfuko chake kidogo mpaka siku ya kuondoka. Ukiwa na unyevu, rudisha hema dukani kabla siku za kurudisha hazijaisha.